Aliondoka Mabibo Akiwa Suka, Dubai Wakamwita Mwanafunzi

Picha ile mpaka leo ipo kwenye simu za watu wengi wa Mabibo. Jamaa kakaa kwenye usukani wa gari jeupe la mizigo, miwani ya jua usoni, kiwiko nje ya dirisha, na kwa mbali yanaonekana maghorofa marefu ya Dubai. Juu yake kaandika maneno mawili tu: "Mungu fundi."

Mtaani ilikuwa sherehe. Kijiwe cha bodaboda karibu na soko la Mahakama ya Ndizi waliijadili wiki nzima. Makonda aliowahi kupiga nao kazi waliiweka status. Watu waliokuwa hawamsalimii wakaanza kumtumia "mambo vipi kaka mkubwa", na meseji ya pili ilikuwa ombi la koneksheni.

Ila kuna kitu picha haikuonesha. Gari lilikuwa limezimwa, na ufunguo alikuwa nao mtu mwingine. Dereva wa lile gari, kijana wa Afrika Kusini, ndiye aliyepiga picha. Jamaa alikuwa msaidizi wake. Kazi yake ilikuwa kubeba yale machupa makubwa ya maji ya kunywa yanayokaa kwenye mashine za ofisini, kuyapandisha kwa wateja na kushuka na matupu. Gari lenyewe hakuruhusiwa kulisogeza hata mita kumi.

Na huyu ni mtu aliyeendesha daladala miaka 14.

Jamaa ni mtoto wa Mabibo haswa. Alianza na ukonda, akawa deiwaka, yule dereva wa kushikiza anayepewa gari wakati suka mwenyewe anakula au anapumzika. Baadaye tajiri mmoja akamwamini, akamkabidhi basi lake. Mtu wa daladala anajua maana ya kukabidhiwa gari: jioni kuna hesabu. Mvua inyeshe, foleni igome, trafiki akusimamishe mara tatu kwa siku, hesabu ya tajiri haijui hayo. Ukishatoa hesabu, mafuta na chake konda, kinachobaki ndo chako. Kuna siku hakibaki kitu, unarudi nyumbani na mikate miwili mkononi na kichwa kinauma.

Maisha hayo yalimfundisha udereva ambao darasani haupo. Alijua abiria gani anashuka kituo kinachofuata kwa kuangalia tu anavyoshika begi lake. Aliweza kupita katikati ya bodaboda na mkokoteni wa ndizi bila kugusa hata jani. Kutanua pembeni ya barabara kukwepa foleni kwake ilikuwa kama kupiga mswaki. Miaka yote hiyo hajawahi kugonga mtu, na akilisema hilo analisema kifua mbele.

Makaratasi pia alikuwa nayo. Leseni yake ilikuwa ya daraja C, la magari ya abiria. Kozi aliifanya NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho watu wa mikoani wanafunga safari kukifuata, wakati yeye alikuwa anakwenda kwa miguu kwa sababu kiko huku huku Mabibo. Cheti kiliwekwa fremu, kikatundikwa sebuleni juu ya tivii.

Mke wake anauza ndizi kwa jumla pale Mahakama ya Ndizi. Ni mtu wa kuamka saa tisa usiku kusubiri malori ya kutoka Rungwe na Kilimanjaro. Kwenye nyumba ile yeye ndiye mwenye akili ya pesa, na kikoba chake hajawahi kuchelewesha rejesho hata mara moja.

Mchongo wa Dubai ulikuja mwaka 2023. Kaka mmoja mwenye lugha tamu, kavaa vizuri, ananukia, alikuwa anatafuta madereva wa kampuni ya kusambaza maji. Mshahara dirhamu 2,500 kwa mwezi, malazi bure, tiketi ya kurudi likizo. Jamaa aliuliza swali moja la maana kweli kweli.

"Na leseni?"

Yule kaka akacheka. "Leseni ya Bongo unafika unabadilisha tu, siku moja. Unaonesha ya kwako, wanakupa ya kwao. Tena beba na ile ya kimataifa, utakuwa na kinga mbili."

Basi ikawa imeisha hiyo. Milioni 4 zilitakiwa. Milioni mbili na nusu zilitoka kwenye bajaji waliyoinunua kwa kujinyima miaka mitatu. Moja na nusu mke wake alikopa kwenye kikoba, akidhaminiwa na wanawake wenzake watatu wa sokoni. Hakuna aliyewaza kuuliza kama yule kaka amesajiliwa popote. Serikali ina ofisi yake ya huduma za ajira, ambako mtu angeweza kwenda kuuliza kabla hajauza bajaji. Lakini mtu ameshaoneshwa ndege kwenye simu, nani atamshika?

Siku ya nne baada ya kutua Dubai, aliitwa ofisini. Aliingia na bahasha yake: leseni, kijitabu cha leseni ya kimataifa, cheti cha NIT. Aliyekuwa mezani aliichukua leseni, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Tanzania?" Kisha akageuza kompyuta yake ili jamaa aone mwenyewe.

Ilikuwa orodha. Umoja wa Falme za Kiarabu una nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa moja kwa moja: nchi jirani za Ghuba, nchi nyingi za Ulaya, Marekani, Australia, Japani na nyinginezo. Ukitoka kwenye nchi hizo, unapima macho, unalipa, unapewa kadi yao. Jamaa alisoma taratibu kutoka juu mpaka chini, akarudi juu. Tanzania haikuwemo.

Akatoa kile kijitabu cha kimataifa. Akaambiwa kile ni cha wageni wanaotembea. Kijitabu chenyewe ni tafsiri tu ya leseni yako ya nyumbani, kinamsaidia mtalii aliyekodi gari wiki mbili. Mtu akishapewa ukaazi wa kufanya kazi, anatakiwa awe na leseni ya nchi ile. Na kama nchi yake haipo kwenye orodha, anaipata kwa njia ya mwanafunzi: macho, darasa, mtihani wa nadharia, uwanjani, kisha barabarani na mtahini pembeni yake. Miaka 14 ya njia ya Mabibo ilikuwa inamsaidia kitu kimoja, kupunguziwa saa za kufundishwa.

"Wakati unasubiri," akaambiwa, "utakuwa msaidizi." Karatasi mpya ikatolewa. Dirhamu 1,200.

Kilichomuuma zaidi kilitokea wiki hiyo hiyo. Yule kijana wa Afrika Kusini, ambaye walipokelewa pamoja uwanja wa ndege, alikwenda kubadilisha leseni yake asubuhi na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi na kadi mpya mkononi. Ana miaka 25. Basi la abiria hajawahi kuliendesha maishani mwake.

Mwanzoni jamaa alijipa moyo kwamba ni sababu ya upande wa barabara. Sisi tunaendesha kushoto, wao kulia, lazima watuogope. Halafu akakumbuka kwamba Afrika Kusini nao wanaendesha kushoto. Uingereza kushoto. Japani, ambako karibu gari zote alizowahi kuendesha zilitoka, kushoto pia. Wote wamo kwenye orodha. Kwa hiyo siyo upande.

Msomali mmoja wa chumba chao, dereva wa siku nyingi, ndiye aliyemweleza kwa lugha nyepesi. Leseni ni kama barua. Serikali moja inaiandikia nyingine: huyu tumemjaribu sisi wenyewe, anajua, mwaminini. Kuna nchi barua yake inaaminika, kuna nchi barua yake inasomwa kisha wanasema sawa, ila na sisi ngoja tumjaribu.

Jamaa alikuwa tayari kubisha. Alifungua mdomo, akafunga.

Usiku ule, juu ya kitanda cha chuma, watu wanane chumba kimoja, alikumbuka jambo ambalo hajawahi kumsimulia mtu. Leseni yake ya kwanza kabisa, ya mwaka 2009, hakuifanyia mtihani wowote. Alimpa hela kishoka mmoja, akapeleka picha mbili, na baada ya siku chache akaletewa leseni kijiweni akiwa anakunywa chai. Shuleni NIT alikwenda miaka mingi baadaye, wakati tayari ni suka mzoefu, kwa sababu tajiri alitaka cheti. Kwa hiyo kama kuna mtu alisaidia barua ya Tanzania isiaminike, yeye mwenyewe alikuwa mmojawapo. Yeye na washkaji zake karibu wote.

Kesho yake mke wake akapiga. Swali la kwanza baada ya salamu: "Leseni umeshabadilisha?"

Kulikuwa na watu wanapita, kuna kelele, alikuwa amechoka. Akasema, "Tayari."

Neno moja hilo. Baada ya hapo ikabidi aliwekee na picha.

Uongo una gharama zake, kama gari bovu. Kila siku unahitaji kitu kipya. Ilibidi atunge habari za barabara ya Sheikh Zayed alizokuwa anasimuliwa na Mwafrika Kusini. Ilibidi aeleze kwa nini pesa anayotuma ni ndogo kuliko walivyopanga, akasema kampuni inakata gharama za mwanzo. Shemeji yake, mdogo wake mke, akaanza kumsumbua amtafutie na yeye nafasi ya udereva. Mke sokoni wakambatiza "Mama Dubai". Akinunua nyanya za buku, wanamwambia, "Na wewe unapunguziwa bei, si una mume Dubai?"

Mwaka huo huo Dubai ilikuwa imeanzisha mpango kwa watu wa nchi zisizo kwenye orodha: mwenye leseni ya kwao anaruhusiwa kujaribu mtihani moja kwa moja bila kupita darasani. Nafasi ni moja tu, ndo maana wakaiita ya dhahabu. Ukipita, umepita. Ukianguka, unajiandikisha shule kama wengine. Jamaa akasema hapa hapa. Nadharia aliisoma usiku kwenye simu mpaka akaimeza, na aliipita. Siku ya barabara aliamka saa kumi, akaoga, akavaa shati la kanisani.

Gari lina usukani kushoto. Alipotaka kuingiza gia, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kutafuta gia, ukagonga mlango. Alipotaka kuwasha indiketa, akawasha waipa. Jua la Septemba, kioo kikavu, waipa zinakwaruza huku na huku, na mtahini anaangalia mbele kama hajaona kitu. Kidogo wakafika kwenye kipilefti. Sasa fikiria, sisi hata jina lenyewe la kitu hicho limezaliwa na amri ya kushika kushoto. Miaka 14 macho yake yamezoea kuangalia kulia kuona nani anakuja. Aliangalia kulia, hakuna mtu, akaingia. Gari lilikuwa linatokea kushoto. Mtahini akakanyaga breki ya upande wake.

Hakuna aliyempigia kelele. Aliambiwa kwa upole arudi kituoni. Jamaa anasema bora angetukanwa.

Ikabidi aingie shule. Kila saa ya kufundishwa ina bei, kila mtihani una bei, ukianguka unaongezewa saa, na saa nazo unalipia. Ukijumlisha yote ni maelfu ya dirhamu, na yeye alikuwa anapokea 1,200. Alianza kulipa kidogo kidogo. Pesa ya kutuma nyumbani ikazidi kupungua.

Na Mabibo ni Mabibo. Mume yuko Dubai, picha kali, halafu hela haiji? Majibu yalipatikana haraka: ana mwanamke huko. Mmoja alisema Mfilipino, mwingine akasema ni Mkenya anafanya kazi hotelini, tena kuna aliyeapa kwamba ameona picha. Mke alisikia yote. Rejesho la kikoba lilikuwa linalipwa na ndizi zake, kila wiki, bila kukosa. Jioni akirudi anakaa sebuleni chini ya kile cheti cha fremu, anahesabu noti zinazonuka utomvu.

Mwalimu aliyepewa jamaa alikuwa mzee wa Kipakistani, mpole, ndevu nyeupe. Siku tatu za kwanza hakusema sana. Siku ya nne akamwambia asimamishe gari pembeni, akamwuliza kwa Kiingereza chao cha kuungaunga, "Rafiki, nani anakukimbiza?"

Jamaa hakuelewa.

"Unaendesha vizuri," mzee akasema. "Mkono mzuri, jicho zuri. Lakini unaendesha kama mtu anayekimbizwa. Nyuma hakuna mtu. Angalia."

Jamaa akaangalia kwenye kioo. Kweli, nyuma hakukuwa na mtu. Barabara tupu, jangwa, taa za barabarani. Anasema pale ndipo alipoelewa kwamba kwa miaka 14 alikuwa anakimbizwa na hesabu. Kila alipotanua, kila alipomkatisha mwenzie kituoni kugombea abiria watano, kila alipokanyaga mafuta taa ikiwa ya njano, nyuma yake kulikuwa na tajiri anasubiri jioni. Haikuwa tabia yake. Ilikuwa njaa, ila imekaa muda mrefu mpaka ikafanana na tabia. Sasa amevuka bahari, tajiri hayupo, na bado mguu unakimbia.

Mtihani wa pili wa barabarani aliufanya Januari 2024. Waipa hakuwasha, kwenye kipilefti aliangalia kushoto kama mwanafunzi mzuri. Aliangushwa kwa kitu kingine. Mbele kulikuwa na zebra, kuna mama ametulia ukingoni na mtoto, hata mguu hajaweka barabarani. Kwa macho ya Mabibo, mtu ambaye hajaweka mguu hajaamua kuvuka. Jamaa akapita.

Siku hiyo alitembea kwa miguu mpaka chumbani. Usiku, wenzie wamelala, alikwenda kukaa kwenye ngazi za nje akampigia mke wake. Mabibo ilikuwa inakaribia saa tisa usiku, na alijua atakuwa macho anajiandaa kwenda kwenye malori.

"Mke wangu, kuna kitu nataka kukwambia."

"Sema, baba watoto."

"Mimi siyo dereva. Leseni walinikatalia tangu wiki ya kwanza. Nabeba maji."

Kimya. Akasikia ndoo inawekwa chini.

"Najua," akasema mke.

Kumbe mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mama mmoja wa Mabibo, ana duka Kariakoo, alikwenda Dubai kununua mzigo kama anavyokwenda kila mara. Akiwa Deira, kwenye lifti ya jengo moja la maduka, mlango ukafunguka akamuona jamaa na machupa ya maji, sare imelowa jasho, kadi ya kampuni shingoni imeandikwa "msaidizi" kwa Kiingereza. Jamaa hakumuona, uso ulikuwa umezibwa na chupa. Yule mama hakumwita. Alivyorudi Bongo hakumwambia mtu mtaani. Alikwenda sokoni usiku, akamvuta mke pembeni, akamwambia yeye peke yake.

"Siku hiyo nililia," mke akamwambia mumewe kwenye simu. "Lakini nikwambie ukweli, nililia kwa furaha kidogo. Walishanijaza kwamba una mwanamke. Nikasema, kumbe ni maji tu."

Jamaa akacheka, halafu akalia, pale pale kwenye ngazi.

"Kwa nini hukuniambia kama unajua?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Ningekuuliza ungetunga lingine." Akanyamaza kidogo. "Haya. Hiyo leseni yao inataka nini?"

Akamweleza yote. Saa za nyongeza, ada ya mtihani, kipilefti, zebra. Mpaka kishoka wa 2009 akamtaja. Mke akasikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayelia bei.

"Kikoba nimebakiza marejesho mawili," akasema mwisho. "Nikimaliza nakopa tena. Ila safari hii nawaambia wale mama watatu nakopea nini. Wakikataa, wamekataa wakijua."

Hawakukataa. Mmoja aliuliza tu, "Kwa hiyo sasa sisi Mabibo ndo tunaituma hela Dubai?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakatia saini.

Mwezi wa tatu yule mama wa Kariakoo alikuwa na safari nyingine ya mzigo. Alimpigia jamaa wakutane Deira, akamkabidhi bahasha ya dola zilizobadilishwa kutoka shilingi 800,000 za ndizi. "Shemeji, pole na kazi," akamwambia, hakuongeza neno. Hajawahi kuongeza mpaka leo.

Mtihani wa tatu aliupita Aprili. Hakuna muujiza uliotokea. Aliendesha taratibu, akasimama panaposimamwa, na kila akihisi mguu unataka kukimbia aliangalia kioo cha nyuma kuona kama kuna mtu. Leseni aliyopewa ni ya gari dogo tu. Suka wa daraja C, mwenye uwezo wa kubeba basi zima la watu, sasa anaruhusiwa gari la maji. Lakini jina lake liko juu ya kadi, na safari hii kila herufi ameifanyia kazi. Picha ya kadi aliituma kwa mtu mmoja peke yake.

Mwaka uliofuata alikuja likizo. Jioni moja mshkaji wake wa zamani alimuachia daladala asogeze kidogo kukumbushia. Kufika kwenye zebra akaona watoto wa shule wamesimama ukingoni, akafunga breki. Nyuma honi zikalia kama harusi. Abiria mmoja akauliza kama gari limezima. Konda, kijana mdogo, akainama mlangoni: "Suka, vipi, kuna trafiki?" Jamaa akasema, "Hamna. Wanavuka tu." Watoto wenyewe waliogopa kuvuka, hawajazoea kusimamishiwa. Ilibidi awapungie mkono mara mbili.

Shemeji yake naye alikuwa bado hajakata tamaa. Usiku, baada ya chakula, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Shemeji, nimesikia yote yaliyokukuta, lakini mimi bado nataka kwenda. Huna mtu wa kunitengenezea leseni haraka haraka?"

Jamaa hakugomba. Alimwambia kwanza, kabla hajampa mtu yeyote hata shilingi, aulize mambo matatu na ajibiwe kwa maandishi. Leseni ya Tanzania inabadilishwa huko unakonipeleka, ndiyo au hapana? Kama hapana, shule nalipa mimi au kampuni? Na mkataba umeandika dereva, au umeandika msaidizi? Wakala akicheka kwenye swali lolote kati ya hayo, ondoka.

"Sawa," shemeji akasema, "na huyo mtu wa leseni?"

"Kesho asubuhi nakupeleka kwake."

Saa mbili asubuhi walitoka nyumbani kwa miguu, wakapita sokoni, wakasalimiana na mke aliyekuwa juu ya rundo la ndizi anapatana bei, wakashika barabara ya Mabibo. Shemeji kila wakipita duka la steshenari alikuwa anauliza, "Ni hapa?" Jamaa anasema bado. Walipofika kwenye geti la NIT, akasimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akamuonesha kwa kidole.

"Mtu wangu yuko humo ndani. Ukimaliza naye, tutaongea habari za Dubai."